Maneno ya Kumchora Kemirembe

Sperancia anasuka nywele Bugene, kwenye kibaraza cha nyumba yake, hatua chache kutoka barabara inayopanda kwenda Kayanga. Hana bango wala kioo cha ukutani. Ana mkeka, kigoda, kopo la mafuta, vitana vitatu ambavyo viwili vimepungukiwa meno, na utulivu fulani unaomfanya mteja asinzie kabla ya mstari wa pili. Mimi nilihamishiwa Karagwe kikazi nikitokea Muleba, na kwa miaka minne amekuwa msusi wangu. Haya ninayoyasimulia niliyapata kwa vipande, kichwa changu kikiwa kimeinamishwa, leo kipande kimoja, baada ya wiki tatu kipande kingine. Sperancia husimulia kama anavyosuka: anagawa, anavuta, anakaza, kisha ananyamaza kidogo kabla ya kushika fungu jingine.

Ni mwanamke wa miaka hamsini na miwili, mfupi, mpana wa mabega, mwenye vidole virefu visivyolingana na kimo chake. Alisoma hadi darasa la saba huko Kanoni, akaolewa na Rogasian, mkulima wa migomba na kahawa, wakahamia Bugene. Rogasian alifariki miaka sita iliyopita. Watoto wao wanne wako kwenye kazi zao, mmoja Mwanza, wengine siwajui vizuri.

Mwaka juzi, mwezi wa Februari, katekista Deodatus alifika kibarazani na barua iliyokuwa imeelekezwa parokiani, ikiulizia mwanamke aitwaye Sperancia aliyewahi kuishi Bugene mwaka 1995. Ilikuwa ya Kiingereza. Deodatus aliisoma polepole, akawa anaifasiri. Mwandishi aliitwa Ida. Aliishi Denmark, alilelewa huko na wazazi wa Kidenmark, lakini alizaliwa Karagwe na kuishi miezi yake ya mwanzo kwenye kituo cha watoto ambacho siku hizi hakipo. Kwenye karatasi zake kulikuwa na mstari mmoja tu kuhusu mama yake: kwamba alifariki, na kwamba mtoto aliletwa na rafiki wa marehemu, Sperancia. Ida hakuwa anaomba mengi. Hakuwa na picha ya mama yake. Alitaka kujua alikuwaje kwa sura. Alikuwa mrefu au mfupi? Mwembamba? Nywele zake zilikuwaje? Yeye Ida ana paji la uso lililojitokeza, je, amelitoa kwake?

Deodatus alipomaliza, Sperancia alimshukuru, akaingia shambani nyuma ya nyumba, akasimama kwenye migomba mpaka katekista akaona bora aondoke.

Rafiki huyo aliitwa Kemirembe. Walikua pamoja Kanoni, nyumba zikitazamana. Sperancia alijifunza kusuka kwenye kichwa chake. Kila mtindo aliowahi kuujua, kichwa cha kwanza kuuvaa kilikuwa cha Kemirembe, na mwanzoni kilikuwa kinatoka kimevurugika zaidi kuliko kilivyoingia. Kisha ukaja wakati ule wa malori mengi barabarani, yakibeba vyakula vya wakimbizi, na dereva mmoja akawa anasimama Kanoni bila sababu ya kusimama. Kemirembe alipata mimba. Dereva akabadilishiwa njia, au alisema hivyo, na hakuonekana tena. Mtoto wa kike alizaliwa Oktoba. Siku ya tano Kemirembe akafariki, akiwa na miaka ishirini na miwili.

Wakati huo Sperancia alikuwa na mwanawe wa kwanza, Benjamin, wa miezi minne. Alimchukua mtoto wa rafiki yake, akawanyonyesha wote wawili. Alifanya hivyo siku ishirini na moja. Katika wiki ya tatu alishikwa na homa, maziwa yakapungua, na watoto wakawa wanalia kwa zamu, kisha kwa pamoja. Rogasian hakusema mrudishe wala hakusema mweke. Alikaa mlangoni akitazama mvua. Hatimaye Sperancia alimfunga mtoto kwa kanga, akatembea naye mpaka kituoni, akawaambia masista kwamba atamrudia wakati wa mavuno ya kahawa, nguvu zikirudi. Alirudi Julai. Aliambiwa kwamba mjomba wa marehemu alishaweka dole gumba kwenye karatasi, na mtoto alishapanda ndege na watu wema. Kwa miaka ishirini na saba hakuna aliyemuuliza habari hizo, naye hakumsimulia mtu.

Kuhusu picha, iliwahi kuwapo moja, ya siku ya kipaimara, watoto kumi na wanne mbele ya kanisa. Ilikaa kwenye sanduku la Sperancia. Unyevu uliila kuanzia pembeni, na alipoifungua siku ile ya barua alikuta gauni jeupe likiwa limesimama peke yake, na juu ya kola, mahali pa uso, doa la njano.

Siku iliyofuata alimwendea Deodatus amwandikie jibu. Alizungumza kwa Kiswahili karibu saa nzima, huku katekista akiandika kwa Kiingereza. Alipomwomba amsomee alichoandika, kwa Kiswahili, ilikuwa mistari miwili: mama yako alikuwa mwanamke mrefu, mweusi, mwenye nywele fupi na tabia njema. Sperancia aliuliza kama ndiyo yote. Deodatus akasema Kiingereza hakipendi maneno mengi.

Njiani kurudi nyumbani alihesabu wanawake aliokutana nao ambao ile barua ingewafaa. Alipofika tisa aliacha. Aliona kwamba angemtumia yule mtoto mwanamke yeyote.

Ndipo alipomfikiria mwalimu Yustus. Huyu alifundisha Kiingereza sekondari kwa miaka thelathini na moja, na sasa alikuwa amestaafu, akiishi na binti yake Evangelina, mwenye duka dogo upande wa pili wa barabara. Presha ya macho ilikuwa imemnyang'anya karibu kila kitu. Alibakiwa na mwanga na kivuli. Kila asubuhi alikaa kwenye benchi mbele ya duka, ameshika fimbo, kola ya shati imefungwa mpaka kooni, akisalimiwa na watu ambao alilazimika kuwatambua kwa sauti. Watu walimwogopa. Alikuwa na tabia ya kumsahihisha mtu hata salamu.

Sperancia alimwamkia, akaeleza shida yake. Mwalimu aliuliza ana Kiingereza kiasi gani. Alikuwa na hesabu mpaka ishirini na salamu ya darasani. Yustus akatoa masharti yake.

"Barua sitakuandikia," alisema. "Nitakupa maneno, utaandika mwenyewe. Lakini utakuja hapa kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu, na utaniambia kwa Kiingereza ni nani anapita barabarani. Mimi siwaoni. Ukikosea, nitamwamkia kijana wa bodaboda shikamoo."

Ilikuwa Machi, masika yameanza. Asubuhi za Karagwe miezi hiyo hazina vilima. Ukungu unapanda kutoka mabondeni, unalala juu ya migomba, barabara inaanza popote na kuishia popote. Watu hutokea ndani yake polepole kama vile wanafikiriwa kwanza na mtu mwingine. Kabla ya uso kuna umbo; kabla ya umbo kuna mwendo. Kwa hiyo Yustus alianza na umbo, kwa kuwa ndilo lililokuwapo.

Alimpa maneno ya kimo, kisha ya unene na wembamba. Hapo Sperancia akakutana na jambo la kwanza la ajabu. Kwa Kiswahili mwembamba ni mwembamba. Kwa Kiingereza, mwalimu alisema, kuna "thin", ambaye unamwonea huruma, na kuna "slim", ambaye unamwonea wivu, na mwili unaweza kuwa uleule. Kunenepa nako kulikuwa na ngazi zake. "Fat" lisitamkwe mbele ya mtu. Sperancia alishangaa, maana kwetu ukikutana na ndugu baada ya miaka na kumwambia amenenepa, umemsalimia vizuri. Katika maneno ya unene alipenda "stout", mnene aliyejengeka. Lilimkaa mdomoni kama kiazi cha moto, akalichukua liwe lake mwenyewe.

Wiki ya kwanza alikosea sana. Asubuhi moja aliona kivuli kikishuka, akamwambia mwalimu kwamba anakuja mwanamume mrefu sana, mwenye kichwa kikubwa, hana shingo. Kilipofika kilikuwa mama mfupi aliyebeba mkungu wa ndizi kichwani. Yustus alicheka mpaka akatoa leso, na Evangelina akatoka dukani kuja kuangalia, kwani hakuwa amemsikia baba yake akicheka tangu msiba wa mama yao.

Baada ya wiki tatu akawa anasema sentensi nzima. Mwanamke mfupi, "stout", anavuta mbuzi. Kijana mrefu, mabega yameinama, ndevu chache. Mzee mwenye matege. Yustus alisikiliza akiwa amefumba macho, na ikiwa maelezo yametosha alimwita mpitaji kwa jina kabla hajafungua mdomo. Watu walianza kusema mwalimu amepona.

Jambo lingine lilikuwa likitokea ambalo Sperancia hakumwambia mtu wakati ule. Kila neno alilolipata lilikuwa likirudi na kipande cha Kemirembe. Hakukuwa na juhudi yoyote. Alikuwa anachambua maharage au anapalilia, neno linapita, na nyuma yake linapita goti, au namna ya kushika kikombe kwa mikono miwili. Asubuhi moja ya Aprili ukungu ulifunguka, akatokea mwanamke mwembamba aliyebeba kapu ubavuni, bega la kushoto likiwa chini ya la kulia. Sperancia alisimama. Yule mwanamke alitembea pasipo sauti, kwa kuwa udongo ulikuwa umelowa, na kwa muda ambao hawezi kuukadiria ilikuwa 1994 na alikuwa anamsubiri rafiki yake waende kisimani.

Mwalimu aliuliza nani anapita. Akajibu hakuna. Kisha, kwa kuwa makubaliano yalikuwa kusema kweli, akamwambia kwa Kiingereza: mwanamke "slim", bega moja liko chini.

Alikuwa mtu wa Nyakasimbi anayeleta maparachichi. Lakini bega lilikuwa la Kemirembe, la kubeba maji tangu utotoni upande mmoja, na Sperancia alikuwa amelisahau kwa miaka yote hiyo.

Kwenye nywele waligombana. Yustus alikuwa na maneno yake kutoka kwenye kitabu cha zamani: zilizonyooka, zenye mawimbi, zilizojikunja, za rangi ya majani makavu. Sperancia aliuliza neno la kipilipili. Akauliza la nywele laini mbele na kaidi kisogoni, la nywele zinazokunywa mafuta na kubaki kavu, la mitindo ya mabutu na twende kilioni, la nywele za uzi zilizosimama kama matawi. Mwalimu hakuwa nayo. Sperancia akamwambia, kwa heshima, kwamba waliotunga kile kitabu hawakuwahi kushika kichwa cha mtu. Mzee aliudhika, akainuka akaingia ndani. Kesho yake alikuwa kwenye benchi kabla yake, akasema amelifikiria jambo lile. Kama neno halipo, aandike mkono unafanya nini.

Basi akaandika: nywele za mama yako zilikuwa kama punje za pilipili manga. Ukizivuta zinafika begani. Ukiziachia zinarudi nyumbani. Yustus alitaka kuweka neno la kitaalamu kuhusu kusinyaa, lakini Sperancia alishikilia kwamba hazikusinyaa, zilirudi nyumbani, na ikabaki hivyo.

Rangi ilichukua siku mbili. Kemirembe alikuwa maji ya kunde. Mwalimu alipendekeza "brown", Sperancia akasema huo ni udongo. Mwishowe aliandika kama anavyojua mpishi: rangi ya maji ya kunde zikiwa jikoni, kabla hazijaiva. Mwanya aliuandika kuwa mlango katikati ya meno, na hapo mwalimu alimsahihisha na yeye akakubali, kwa sababu "gap" lilikuwa fupi na lilimfanya aonyeshe meno alipolitamka.

Barua ilikamilika mwishoni mwa Mei, kurasa mbili, kwa mwandiko wake wa darasa la saba. Alimsomea Yustus yote kwa sauti. Mwishoni kulikuwa na sentensi tatu ambazo hakuwahi kumwonyesha. Zilisema: nilikupa maziwa siku ishirini na moja. Kisha maziwa yakaisha. Nilirudi wakati wa kahawa na hukuwapo.

Kulikuwa na makosa mawili ya sarufi katika sentensi hizo. Mwalimu hakuyasahihisha. Alimwomba asome tena, kisha akamwambia apeleke.

Jibu lilikuja Julai, kwenye simu. Ida alipata namba kwa Deodatus. Alisema alikuwa amesoma ile barua mara nyingi kiasi kwamba alikuwa anaijua bila kuitazama, na kuhusu siku ishirini na moja aliandika kwamba hakuwa akijua kama kuna mtu aliyewahi kumtaka katika nchi ile. Halafu akaeleza kwamba kazi yake ni kuchora mimea kwa ajili ya vitabu. Majani, mizizi, mbegu zilizopasuliwa. Hakuwa mchoraji wa watu, lakini alijaribu. Chini ya maneno hayo kulikuwa na mchoro wa penseli.

Sperancia aliutazama siku nzima. Alikuwa mwanamke mzuri. Komo, lile paji lililojitokeza, lilikuwapo, mwanya ulikuwapo, bega la kushoto lilikuwa chini, nywele zilikuwa punje za pilipili kweli, moja moja, kwa uvumilivu wa mtu aliyezoea kuchora mbegu. Kila neno la barua lilikuwa limetiiwa. Na hakuwa Kemirembe. Hakuwa mtu yeyote.

Alimpelekea Yustus, akamweleza mchoro kwa Kiingereza, kipande kwa kipande. Mwalimu akauliza basi kasoro iko wapi.

"Amekaa ndani ya ile sura kama mgeni," Sperancia alisema.

"Mgeni amekaa wapi? Kwenye macho? Kwenye mdomo? Anza na mdomo."

Mdomo. Ulikuwa umefungwa, na mdomo wa Kemirembe haukuwahi kufungika sawasawa. Ulibaki wazi kidogo kama mtu anayekaribia kusema. Hilo likaandikwa, likatumwa. Mchoro wa pili ulikuja Septemba ukiwa na mdomo wazi, na sasa yakaonekana macho, kwamba yamekaribiana mno. Wa tatu ulikuwa na mashavu mazito. Wa nne ulikosea shingo, ambayo ilikuwa na pingili mbili. Iliendelea hivyo mwaka mzima na zaidi. Katikati ya michoro walianza kuzungumza mambo mengine. Ida alituma picha yake mwenyewe, mwanamke mrefu aliyevaa koti zito, nywele zikiwa zimeachwa kama kichaka kila upande. Alisimulia kwamba mama yake wa Denmark alimpenda sana lakini aliogopa kichwa chake, alikuwa anakichana huku akiomba radhi, mpaka wakaamua kukinyoa kila baada ya miezi. Sperancia alimrekodia ujumbe wa sauti, Kiingereza na Kiswahili vikipishana, akimfundisha kugawa nywele zikiwa na maji, kuanzia kisogoni, asianze kamwe na paji la uso.

Baada ya mchoro wa tano Ida aliuliza kama hawajachoka. Sperancia alijibu kwamba yeye hajachoka.

Wa sita ulifika Novemba mwaka jana, msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa. Sperancia alikuwa kibarazani na beseni mapajani, ananyonyoa mbawa, simu ikalia. Alifuta vidole, akaifungua. Alikuwa Kemirembe. Alikuwa ameinama kidogo, anakaribia kusema kitu, kama alivyokuwa anakaa kigodani akiwa amechoka kusukwa. Sperancia anasema hakulia. Aliweka simu juu ya mkeka akaendelea na senene, akiangalia mara kwa mara kama bado yupo.

Halafu akafanya kosa, kama anavyoliita yeye. Alifumba macho ili amlinganishe na yule aliyekuwa naye kichwani. Yule wa kichwani akaja, na alikuwa wa penseli.

Alijaribu tena. Alijaribu kumleta kisimani, kanisani, kitandani siku ile ya tano. Kila mara alikuja na ile mistari ya kijivu, na kivuli kilichopakwa vizuri chini ya kidevu. Hakujua tena kama mchoro ulikuwa umemfikia Kemirembe, au Kemirembe alikuwa amehama taratibu, neno kwa neno, mwezi kwa mwezi, akahamia kwenye mchoro. Yule wa zamani, aliyekaa naye miaka ishirini na tisa bila kumgusa, hakuwapo.

Siku mbili hakusuka. Wateja tulirudi majumbani tukiwa na vitambaa kichwani, mimi nikiwa mmojawapo. Siku ya tatu alikwenda kwenye benchi akamweleza Yustus. Mzee alimsikiliza, na kwa mara ya kwanza tangu waanze masomo alimjibu kwa Kiswahili.

"Mke wangu nilikaa naye miaka arobaini," alisema. "Siku hizi nikimkumbuka anakuja na uso wa kitambulisho cha kura. Sauti ndiyo yake. Uso ni wa serikali."

Wakakaa, watu wakipita bila kuelezwa.

Evangelina, aliyekuwa anapanga sabuni dukani, ndiye aliyeuliza kama hakuna mtu mwingine aliyemjua Kemirembe. Alikuwapo mmoja. Shangazi yake Kemirembe, Auleria, alikuwa bado hai Nyakasimbi, mwanamke wa miaka zaidi ya themanini. Sperancia alikuwa hajamtembelea tangu mwaka wa msiba. Aibu ilimzuia, kwa kuwa alimpeleka mtoto wa ukoo wao kituoni, na hakuwahi kujua wao walilichukuliaje.

Aliuchapisha mchoro kwenye karatasi kubwa huko Kayanga, akapanda bodaboda. Alimkuta Auleria uani, mdogo, mkavu, mgongo umepinda lakini macho makali, anageuza kahawa kwenye mkeka. Wakasalimiana kwa Kinyambo, lugha ya kwao, kwa kirefu, wakiulizana watu na wafu. Auleria hakuonyesha kama ana kinyongo. Sperancia akampa karatasi bila kumweleza ni nini.

Bibi aliishika mbali, kisha karibu, kisha akaigeuza kuelekea jua. Alikaa hivyo muda mrefu mpaka kuku wakaanza kupanda kwenye kahawa.

"Nani kaifanya?" aliuliza.

"Mtoto wake, shangazi. Yule niliyempeleka."

"Ana mkono mzuri," Auleria alisema. "Lakini masikio kamnyima."

Masikio ya Kemirembe yalikuwa makubwa. Yalisimama nje kama mipini ya chungu, na alipokuwa mdogo bibi yake alikuwa anayafunga kwa kitambaa yalale, yasilale. Auleria aliyasimulia hayo akicheka bila meno. Sperancia hakuwa anamsikiliza tena. Alikuwa anatazama dole gumba lake la kushoto. Ndilo lililokuwa linakunja lile sikio kila alipofika mstari wa pembeni, analibana chini ili apite na uzi, na sikio lilikuwa linakataa, linapiga teke kurudi, lenye joto, na Kemirembe analalamika kwamba anamwumiza. Alikuwa amelikunja sikio hilo labda mara elfu. Katika barua, ujumbe na masahihisho yote hakuwahi kuliandika, na Yustus, aliyeuliza kila kitu, hakuuliza.

Aliporudi nyumbani alimwandikia Ida: mama yako alikuwa na masikio makubwa, yalisimama nje, nilisahau, unisamehe.

Kwa siku nne hakukuwa na jibu, jambo ambalo halikuwa kawaida. Kisha ukaja ujumbe mfupi. Ida alisema kwamba alipokuwa na miaka tisa watoto wa shule walikuwa wanamcheka masikio, naye akilia kila siku, na wazazi wake, kwa kumhurumia, walimpeleka kwa daktari yakashonwa yakalala. Hakuna aliyejua yalitoka wapi. Aliandika kwamba nyuma ya kila sikio ana kovu dogo, na kwamba tangu asome ule ujumbe anashindwa kuacha kuyagusa.

Sperancia alimwomba Yustus amfafanulie neno moja hapo, ingawa nadhani alishalielewa. Kisha akamtumia Ida sauti yake tu, akimwita kwa majina yote mawili, la Ida na lile la Kinyambo ambalo Kemirembe alimpa kabla ya kufa.

Mchoro wa saba ulikuja Januari mwaka huu. Nilikuwapo, nimeketi, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama. Sperancia aliufungua juu ya bega langu, nami nikamwona kwa mara ya kwanza mwanamke niliyekuwa nasimuliwa kwa miaka miwili: maji ya kunde kwa penseli, shingo yenye pingili, mdomo unaokaribia kusema, na masikio mawili makubwa, wazi, yaliyochorwa kwa uangalifu kuliko sehemu nyingine yoyote, kila mkunjo wake, kama ua lililopasuliwa ili lichunguzwe.

Aliutazama, kisha akafumba macho. Sikuthubutu kumuuliza anamwona nani. Mkono wake wa kushoto ulikuwa bado umeshika fungu la nywele zangu, na nikahisi dole gumba likishuka taratibu mpaka kwenye sikio langu, likalikunja, likalibana, likaliachia. Akafanya hivyo mara ya pili.

"Yako ni madogo," aliniambia, akaendelea kusuka.